Je, Aliyeuona Msitu wa Kale Aseme au Anyamaze?



Liko swali moja ambalo ukilisikia mara ya kwanza laonekana kuwa dogo, lakini ukilichukua moyoni halikuachi upesi. Mtu atembea katika nchi iliyokaliwa na kulimwa tangu zama za mababu. Huku ni shamba, huku ni njia, huku ni nyumba za watu. Ghafula, mahali pasipodhaniwa, akuta miti ambayo haikuguswa na shoka tangu ilipoota. Je, imempasa kuwaambia watu, au imempasa kunyamaza? Akisema, watu watakuja wengi, na miguu yao yaweza kuua ijapokuwa mikono yao haikushika panga. Akinyamaza, huenda kesho akaja mtu asiyejua, akapafyeka. Katika njia zote mbili aweza kupata hatia. Basi afanyeje?

Wengine watasema: Maneno haya ni ya mchezo, maana katika nchi iliyojaa watu msitu wa kale utatoka wapi? Kwa hiyo nitaanza kwa kueleza mambo yaliyotokea kweli, kisha tutapima hoja za pande mbili, na mwisho nitasema lile ninaloliona kuwa haki. Msomaji naye apime mwenyewe.

Katika nchi ya Kanada, jimbo la Ontario, uko ukingo mrefu wa majabali uanzao karibu na maporomoko ya Niagara na kwenda kaskazini kwa kilometa 725 hivi. Nchi ile ya kusini ina watu wengi sana. Mji wa Toronto hauko mbali, na mji wa Hamilton umejengwa juu na chini ya majabali yenyewe. Wageni waliotoka Ulaya waliifyeka misitu ya nchi hiyo ili wapate mashamba na mbao, hata watu wakazoea kusema kwamba msitu wa asili umekwisha. Katika nyufa za majabali ilionekana miti midogo iliyopinda na kukunjamana, mingine ikining'inia kichwa chini. Ni miti ya jamaa moja na mtarakwa wetu wa milimani. Wapita njia waliitazama, wakaidhani kuwa vichaka.

Mwaka 1988 Douglas Larson, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Guelph, pamoja na wenzake, waliichunguza miti hiyo. Walitumia kekee nyembamba yenye tundu katikati, ambayo hutoa kijiti katika shina bila kuuangusha mti. Maana katika nchi zenye majira ya baridi kali mti huongeza pete moja kila mwaka, na azihesabuye pete huujua umri wake. Walipohesabu walistaajabu. Pete zilikuwa nyembamba mno, na miti ile iliyodhaniwa kuwa vichaka ilikuwa imeishi miaka mamia; mingine ilipita miaka 1000. Mti mmoja mdogo wa majabali ya upande huo wa Kanada ulipimwa, ukaonekana kuwa na miaka 155, na urefu wake haukufika sentimeta 11, wala uzito wake haukupita gramu 17. Mtoto angaliweza kuung'oa kwa vidole viwili.

Fikirini jambo hili. Baadhi ya miti hiyo ilikuwa mizee kabla meli ya Columbus haijavuka bahari. Watu walijenga chini yake, wakachimba mawe karibu nayo, wakapitisha reli na barabara kuu, nao hawakujua. Ilisalimika kwa sababu gani? Moto haukuweza kupanda jabali tupu lisilo na nyasi. Mnyama alaye majani hakufika. Na mwenye shoka alipoitazama aliona miti iliyopinda, isiyotoa hata ubao mmoja, akapita. Wahenga wetu walisema, Penye miti hapana wajenzi. Hapa twaweza kuongeza kwamba pasipo mbao hapana mkataji. Kukosa faida ndiko kulikokuwa ngome yake.

Lakini ngome hiyo haikutosha. Siku hizi wako watu wengi wapandao majabali kwa kamba kwa kujifurahisha, nao hufika mahali ambapo shoka halikufika. Wanafunzi na walimu wa chuo kile walilinganisha majabali yanayopandwa na yale yasiyopandwa, wakatoa habari zao mwaka 1997. Katika majabali yanayopandwa miti ilikuwa michache zaidi, na iliyojeruhiwa ilikuwa mingi zaidi. Wapandaji hao hawakuwa watu waovu. Mtu aliyeondoa kijiti kilichomzuia mkono hakujua kwamba ameondoa kitu kilichokuwapo kabla ya babu wa babu yake. Hapo ndipo swali letu linapokuwa zito. Aliyejua na kunyamaza angesemaje mbele ya mpandaji huyo?

Basi na tuzisikilize hoja za wale wasemao kwamba ni heri kunyamaza, maana hoja zao zina nguvu.

Wasema hivi: Watu hupenda kitu hata wakakiua. Nao hutoa mfano wa mti uitwao Hyperion. Huo ni mti mrefu kupita yote inayojulikana duniani, nao uko California katika nchi ya Marekani, mahali ambapo misitu ya namna hiyo ilikatwa hata ikabaki sehemu ndogo tu. Mwaka 2006 watu wawili, Chris Atkins na Michael Taylor, waliuona, na ulipopimwa ulizidi meta 115. Walinzi wa hifadhi hawakutangaza mahali pake, lakini siri ilivuja, na habari za njia zikaenezwa kwa intaneti. Watu wakaja mmoja mmoja, kisha wengi. Hapakuwa na njia rasmi, kwa hiyo kila mmoja alijitengenezea yake. Udongo ukashindiliwa, na majani yaliyoota shinani yakatoweka kwa kukanyagwa. Hata mwaka 2022 wakubwa wa hifadhi walipiga marufuku kuukaribia mti huo, na avunjaye amri aweza kutozwa faini ya dola 5000 na kufungwa miezi sita. Hakuna hata mmoja wa wageni wale aliyekwenda kwa nia ya kuharibu. Kila mmoja alisema moyoni, Mimi ni mmoja tu.

Tena hutoa mfano wa Australia. Mwaka 1994 mlinzi wa hifadhi aitwaye David Noble aliteremka kwa kamba katika bonde jembamba lenye kina, katika hifadhi ya Wollemi, ambayo haifiki kilometa 200 kutoka mji mkubwa wa Sydney. Huko aliiona miti asiyoijua. Wajuzi walipoichunguza walikuta kwamba ni mti ambao ukoo wake walikuwa wakiujua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu. Miti iliyokomaa haikufika 100 katika dunia nzima. Serikali ikaamua kuficha mahali pale, wala watu hawakuambiwa njia. Hata hivyo mwaka 2005 ulionekana ugonjwa wa mizizi katika miti hiyo, ugonjwa ambao hubebwa katika udongo wa viatu. Inadhaniwa kuwa uliletwa na watu walioingia bila ruhusa. Basi, wasema watu wa kunyamaza, ikiwa siri iliyolindwa hivyo iliweza kuingiwa na viatu vya wachache, ingalikuwaje kama mlango ungaliachwa wazi?

Hizo ni hoja za upande wa kwanza. Sasa tuwasikilize wale wasemao kwamba imempasa mtu kusema.

Hao huanza na habari ya huzuni. Mwaka 1964, katika mlima wa Wheeler Peak, jimbo la Nevada huko Marekani, mwanafunzi mmoja aitwaye Donald Currey alikuwa akitafuta habari za hali ya hewa ya zamani katika pete za misonobari ya mlimani. Aliomba ruhusa kwa idara ya misitu ya serikali kuukata mti mmoja, akapewa, nao ukakatwa. Pete zilipohesabiwa zilikuwa zaidi ya 4800. Kwa wakati ule hapakujulikana mti hai uliouzidi umri. Na hili ndilo neno linalochoma: wako watu waliopenda kupanda mlima ule ambao walikuwa wakiujua mti huo, nao walikwisha kuupa jina, Prometheus. Mti ulikuwa na wapenzi wenye kuuita kwa jina lake, lakini cheti cha kuukata kilitiwa sahihi na watu ambao kwao ulikuwa mmoja katika mingi. Siri ilikuwa salama. Mti haukuwa salama.

Kisha hutoa habari ya furaha. Katika jimbo la North Carolina uko mto uitwao Black River, nao una kinamasi ambamo miti husimama ndani ya maji. Miti hiyo nayo ni ya jamaa ya mtarakwa. Nchi yote ya pande zile ilikatwa misitu yake kwa mbao, lakini miti ile ya kinamasini ilikuwa na mashimo ndani na vichwa vilivyovunjika, nayo ikaachwa. Tangu miaka ya 1980 David Stahle, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Arkansas, alikwenda akaichunguza kwa kekee. Mwaka 2019 yeye na wenzake walitangaza kwamba mti mmoja ulikuwa na miaka isiyopungua 2624. Stahle hakungoja hata mwaka huo ndipo aseme. Alitoa habari za kwanza mapema, na kwa ajili ya habari hizo chama kimoja cha kuhifadhi nchi kilianza kununua ardhi ya kando ya mto, na maelfu ya ekari yakapata kinga. Kama angalinyamaza, nani angalitoa fedha kununua kinamasi?

Tena, wasema, tusisahau faida ya maarifa. Miti ya namna hiyo hiyo iliyo Virginia ilichunguzwa pete zake, na mwaka 1998 Stahle na wenzake walionyesha kwamba ule mji mdogo wa Waingereza wa Roanoke, ambao watu wake walipotea wasionekane tena, ulianzishwa katika ukame wa miaka 1587 hata 1589, ambao ulikuwa mkali kuliko ukame wowote wa miaka mitatu kwa muda wa miaka 800. Kwa muda mrefu watu waliwalaumu wale waliopotea kuwa hawakufanya maandalizi mema. Miti ikatoa ushahidi kwamba mvua iliwanyima. Aufichaye msitu wa kale asiuonyeshe kwa yeyote amemfungia shahidi ndani ya nyumba.

Basi hoja zimesimama pande mbili, na kila upande una mfano wa mti uliokufa au ulioumia. Mtu aweza kukata tamaa akasema, Hapana njia njema. Lakini tukiitazama mifano hii tena kwa utulivu, tutaona kwamba mti wa California haukuumizwa na ile habari ya kuwapo kwake. Uliumizwa kwa sababu njia yake ilijulikana kabla pale mahali hapajapata mlinzi na desturi. Na mti wa Nevada haukukatwa kwa kuwa haukujulikana na mtu. Ulikatwa kwa kuwa wale waliojua na wale wenye amri hawakuzungumza pamoja. Kwa hiyo swali la kusema au kunyamaza lina maswali mengine ndani yake: Nani aambiwe kwanza? Aambiwe lini? Aambiwe kiasi gani?

Wala si lazima twende mbali ng'ambo ili kupata watu waliolijibu. Katika pwani ya Kenya ziko kaya za Wamijikenda. Ni misitu midogo iliyobaki juu ya vilima, nayo yaonekana mbali kwa weusi wake katikati ya mashamba. Hapo zamani watu walikaa ndani yake katika vijiji vyenye ngome, na walipohama waliuacha msitu chini ya wazee. Kila mtu wa jirani ajua kaya iko wapi. Watoto waiona kila asubuhi waendapo shuleni. Lakini si kila ajuaye huingia, na si kila aingiaye hufika kati. Iko njia ya kupita, liko neno la kuomba, na kuna mahali ambapo ni wazee tu wanaopajua. Kuwapo kwa msitu ni jambo la watu wote. Moyo wa msitu ni siri ya wenyewe. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mwaka 2008 kaya hizo ziliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Tusijidanganye: mahali ambapo heshima ya wazee ilipungua, kaya nazo zilipunguzwa na jembe na shoka. Hata hivyo, zilidumu kwa karne nyingi katika nchi yenye njaa ya ardhi, na wenye kuzitunza walikuwa hao hao wenye kuzijua.

Kadhalika huko Uhabeshi. Katika nyanda za juu za kaskazini misitu ilikwisha kwa ajili ya mashamba na malisho, lakini kuzunguka makanisa ya kale ya Orthodoksi ilibaki misitu midogo ya miti ya asili. Atazamaye kutoka juu huiona kama visiwa vya kijani katika bahari ya udongo mwekundu, na kanisa lipo katikati ya kila kisiwa. Hapakuwa na siri hapo. Waumini wote walijua, wakaona kwamba kanisa bila miti yake ni kama mtu asiyevaa nguo. Hatari iliyobaki ilikuwa ng'ombe na jembe lililosogea kidogo kidogo kila mwaka. Alemayehu Wassie, mjuzi wa misitu wa nchi hiyo hiyo, akasaidiana na Margaret Lowman wa Marekani, na pamoja na makasisi na wanavijiji wakajenga kuta za mawe kuizunguka misitu hiyo. Mawe yenyewe waliyaokota mashambani, hata shamba likapata nafuu pamoja na msitu.

Na sasa tuje Kilimanjaro, maana hapo ndipo swali letu linapotugusa karibu. Miteremko ya kusini ya mlima huo imelimwa kwa karne nyingi. Kihamba hupakana na kihamba, migomba na kahawa na miti ya kivuli, wala ugeni hauwezi kupita bila kuonwa. Lakini katika mabonde yenye kina, ambayo jembe haliwezi kushika, ilibaki miti ya kale. Andreas Hemp, mjuzi wa mimea aliyeuchunguza mlima huo kwa miaka mingi, aliipima pamoja na wenzake, wakatangaza habari mwaka 2016: katika bonde moja upo mti wa jamaa ya mkangazi wenye urefu wa meta 81.5, mrefu kuliko mti wowote wa asili uliojulikana kupimwa katika Afrika wakati huo. Miti kumi iliyo mirefu zaidi ilikuwa kati ya meta 59 na 81.5, na umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 500 hata 600. Wenye kuandika habari hiyo waliomba kwamba msitu huo uingizwe katika hifadhi.

Magazeti ya nchi nyingi yalisema kwamba mti huo "umegunduliwa". Neno hilo yafaa tulipime. Aliyegundua urefu wake ni yule aliyeupima, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini mti wenyewe ulionwa na wenyeji siku zote. Wako waliopita chini yake wakitafuta majani ya mbuzi, wako waliojua nyuki wakaapo. Je, wao walinyamaza? Hapana, hawakuulizwa. Basi mwenye kuona msitu wa kale katika nchi iliyokaliwa asiseme upesi, Mimi ni wa kwanza. Mara nyingi yeye ni wa mwisho kujua.

Tena hapa kuna mzigo ambao watu wa mbali hawauoni. Habari ikifika kwa wakubwa, mpaka huweza kusogezwa. Mwaka 2005 mpaka wa hifadhi ya taifa ya Kilimanjaro uliteremshwa, ukauingiza msitu wa mlima. Kwa msitu ni jambo jema, maana miti ilikuwa ikiibwa. Lakini kila mpaka unaposogea, yuko mama aliyezoea kuokota kuni kavu upande ule, ambaye sasa aambiwa kwamba yeye ni mwizi. Yeye hakuukata mti wa miaka 500. Hana shoka la kuuangusha. Je, ni haki kwamba mti uokolewe, naye alale bila moto? Na je, ni haki kwamba yeye awe na moto, na mti ulioota kabla ya vizazi ishirini uishe katika kizazi chake? Siwezi kusema kwamba swali hili ni jepesi. Lakini nasema kwamba yule aliyepeleka habari, aliyepata jina kwa ajili yake, hawezi kunawa mikono na kwenda zake. Kama kinywa chake ndicho kilichosogeza mpaka, kinywa hicho hicho na kiseme kwa ajili ya mama yule: apewe siku za kuokota kuni, apewe miche ya kupanda kihambani, mwanawe awe wa kwanza kuajiriwa ulinzi. Asemaye kwa ajili ya mti na kumsahau jirani amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki itauangusha mti siku moja, kwa maana hakuna mlinzi awezaye kuulinda msitu dhidi ya kijiji kizima kilichoudhika.

Basi nitasema sasa lile ninaloliona kuwa haki.

Kwanza, msitu wa kale si mali ya aliyeuona. Umri wake wampita mbali. Kwa hiyo hana ruhusa ya kujivunia mbele ya watu kwa kuonyesha njia, wala hana ruhusa ya kuufukia moyoni kama hazina yake, mpaka afe nayo na mrithi wake asijue.

Pili, wa kwanza kuambiwa, au tuseme wa kwanza kuulizwa, ni wenyeji wa mahali pale. Huenda wamejua tangu zamani, na huenda wana sababu ya kunyamaza. Aliye mgeni asifungue mlango ambao mwenye nyumba ameufunga kwa kusudi.

Tatu, baada yao waambiwe wenye amri ya kulinda, ili pasitokee tena cheti cha kukata kitiwe sahihi na mtu asiyejua. Tena waambiwe kwa maandishi, maana mtu hufa, na mkubwa huhamishwa, lakini karatasi hukaa.

Nne, watu wengi waambiwe habari ya kuwapo kwa msitu, nao wasiambiwe njia mpaka mlinzi amekwisha kusimama mlangoni. Hapa mwenye dhamiri nyepesi kuumia atauliza: Je, kuificha njia si uongo? Nasema si uongo. Aulizwaye, Je, wapajua? naye akajibu, Napajua, lakini sitasema, huyo hakudanganya. Amemwonyesha muulizaji mlango pamoja na kufuli. Aliyesema, Hapana kitu, huyo ndiye aliyedanganya, na uongo wake utamrudia siku atakapohitaji watu wamwamini ili wausaidie msitu.

Tano, iwezekanapo, kitu cha kale kipandwe pengine. Huko Australia ilioteshwa miche ya mti ule wa Wollemi, na tangu mwaka 2006 watu wa kawaida waliweza kuinunua na kuipanda bustanini kwao. Anayetaka kuuona mti aweza kuuona nyumbani, wala hana sababu ya kwenda kwa siri bondeni. Na wakati wa mioto mikubwa ya 2019 na 2020 wazima moto walipelekwa kwa helikopta kulinyeshea bonde lile, wakaiokoa miti mingi. Kazi hiyo ilifanywa kimya kimya, na watu wakaambiwa ilipokwisha. Huo ndio mfano wa kunyamaza na kusema vikifanya kazi pamoja, kila kimoja kwa wakati wake.

Labda msomaji atasema, Mimi sina mlima wala kinamasi. Lakini tazama mahali pako. Katika kila nchi iliyolimwa sana kuna kona ambazo jembe lilizipita: genge lililo kali mno, chemchemi ambayo wazee walikataza isifyekwe, makaburi ya zamani, kilima cha mawe nyuma ya shule. Tumezoea kupaita pori, tukasema hapana kitu. Watu wa Ontario nao walisema vivyo hivyo kwa miaka mingi, na majabali yapo juu ya paa zao.

Siku utakapokwenda huko ukakuta mti ambao watu watatu hawawezi kuukumbatia, usitangulie kwenda mjini na habari zake. Nenda kwanza kwa mzee akaaye karibu na pale, ukae naye, umwulize jina la mti huo ni nani. Jibu lake litakujulisha kama ni wewe uliyeuona msitu, au ni msitu uliokuwa na wenyewe siku zote.